Kampuni inalipia Teams, Slack au Workspace kila mwezi: tunapimaje kama hela inarudi?

Mtu wa Mahesabu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wahasibu, mameneja na watu wa IT wa kampuni za kati hapa Dar, ambako bili ya programu za kufanyia kazi pamoja imeshakuwa kubwa kiasi cha kuulizwa kwenye kikao cha bajeti. Mimi niko upande wa mahesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka Kurasini, pale jirani na bandari. Ila hoja inagusa bima, benki, ujenzi, NGO, popote ambapo kazi moja inapita kwa watu watano kabla haijaisha.

Mambo huwa hivi. Bosi anauliza, "Hii hela inaturudishia nini?" Mtu wa IT anafungua ripoti aliyopewa na mfumo wenyewe: watu wengi wanaingia kila siku, ujumbe ni maelfu kwa mwezi, vikao vya video vimeongezeka. Bosi anaitikia kwa kichwa, lisensi inalipwa mwaka mwingine. Swali lake halijajibiwa. Hiyo ni sawa na kupima daladala kwa wingi wa honi wakati abiria wanataka kujua wamefika Mbagala saa ngapi.

Ninachosema ni kimoja: pima kusubiri. Kwenye ofisi zetu kazi haichelewi sana kwa sababu watu wana mikono mizito. Inachelewa ikiwa imelala katikati, mmoja ameshamaliza kipande chake na anayefuata hajajua, au amejua ila hana karatasi, au karatasi anayo ila anasubiri ruhusa. Teknolojia ya kushirikiana inanunuliwa ili kupunguza kulala huko. Basi tuangalie kama kumepungua, na kila saa iliyopungua ina thamani gani kwa shilingi.

Chukua faili moja la kontena. Nyaraka zimefika: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena. Deklaranti (anayeshughulikia nyaraka za forodha) anakaa kuandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, anakuta uzito kwenye ankara haulingani na ulioko kwenye hati ya shehena. Anapiga picha, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Meneja wa operesheni yuko Posta kwenye kikao. Mteja yuko Lubumbashi. Chini ya ile picha zinaingia salamu, tangazo la mchango wa msiba, picha ya lori lililoharibika Chalinze. Saa nane mchana mtu anauliza, "Ile ya kontena la vigae imefikia wapi?" Haijafika popote. Kusahihisha ule uzito kunachukua dakika chache. Kulala kwa faili kumekula siku nzima, na kontena bandarini halilali bure: siku za msamaha zikiisha kuna storeji, yaani tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini, na kwa wenye meli kuna demaraji, tozo ya kuchelewa na kontena lao.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu waache kuanzia kwenye ripoti ya mfumo. Anzeni kwenye faili. Andikeni saa lilipoingia kwa kila mtu na saa lilipotoka. Fanyeni hivyo kwa mafaili ya mwezi mmoja, kabla hamjanunua chochote au kabla hamjahuisha lisensi. Mtapata vitu viwili: muda faili lilipokuwa linashughulikiwa, na muda lilipokuwa limelala. Huo wa pili ndio unaolipiwa lisensi.

Sasa nigusie hesabu inayopendwa na wauzaji, maana imewapotosha wengi. Mwaka 2012 McKinsey Global Institute walitoa makadirio kwamba mfanyakazi wa ofisini hutumia karibu asilimia 28 ya wiki yake kwenye barua pepe, na karibu asilimia 20 kutafuta taarifa au kumtafuta mwenzake wa kumsaidia. Wakasema tija ya watu hao inaweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 25 kampuni zikitumia vizuri teknolojia hizi. Ni makadirio ya kinachowezekana, na wao waliyasema hivyo. Muuzaji akija Masaki au Mikocheni anayageuza ahadi: kila mtu ataokoa nusu saa kwa siku, zidisha kwa mishahara, hii hapa faida ya mamilioni.

Kaeni na hiyo hesabu kidogo. Nusu saa imeokolewa, sawa. Mshahara umepungua? Hapana. Mafaili yameongezeka? Kama hayajaongezeka, na mteja hajapata mzigo wake mapema, na hakuna ovataimu iliyokatwa, hiyo hela iko wapi? Muda uliookolewa unakuwa hela pale tu unapoenda mahali panapoonekana kwenye vitabu: faili la ziada, adhabu isiyolipwa, mteja asiyeondoka. Ukishindwa kuonyesha mahali hapo, usiuandike kama faida.

Jambo hili halijaanza na sisi. Robert Solow, mchumi wa Marekani, alisema mwaka 1987 kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Miaka mitatu baadaye Paul David wa Stanford akaeleza kwa kutumia historia ya umeme. Kituo cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza 1882, lakini tija ya viwanda vya Marekani ilipanda sana kuanzia miaka ya 1920. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Wenye viwanda waliondoa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa pale pale, wakaacha shafti na mikanda ile ile na mpangilio ule ule. Faida ilikuja walipoipa kila mashine mota yake na kupanga upya sakafu nzima ya kiwanda kufuata mtiririko wa kazi.

Angalieni ofisi zetu kwa jicho hilo. Tumenunua mfumo mpya, lakini ruhusa ya kulipa bado inatoka kwa mtu mmoja, kwa sahihi ya kalamu, na akisafiri kwenda Mwanza tunamsubiri. Hapo mota mpya inazungusha mkanda wa zamani.

Nitaendelea kwenye michango. Karibuni, hasa mlioko kwenye kazi zenyewe.

---

Deklaranti wa Kurasini

Mkuu hapo kwenye kulala kwa faili umenena. Nikuongezee la field. Sehemu mbaya kuliko zote ni kati ya makadirio ya ushuru kutoka na malipo kufanyika. Kumbukumbu namba ya malipo imeshatoka, mimi nimeshaituma, mhasibu wetu anasubiri mteja aweke hela, mteja anasema hajaiona. Kila mtu ana ushahidi kwamba alituma. Siku zinaenda.

Ila nikuulize. Hayo yote tunayafanya WhatsApp, bure. Watu wote wanaijua, dereva anaijua, mteja wa Zambia anaijua. Kampuni niliyokuwepo zamani walitununulia mfumo wa kisasa, tukalazimishwa, baada ya muda kila mtu karudi WhatsApp. Sasa kwa nini tulipie?

---

Mtu wa Mahesabu

Swali zuri mkuu, na wala sisemi WhatsApp ni mbaya. Ipime kwa kipimo kile kile. Kama mafaili yanalala saa chache kwenye WhatsApp kuliko kwenye mfumo wa kulipia, kampuni ibaki na WhatsApp, na huo mfumo ukatwe. Nimeona ofisi ambayo jibu sahihi lilikuwa hilo.

Lakini usiiandikie gharama sifuri. Kuna mambo matatu huwa hayaingizwi kwenye hesabu. Kwanza, namba ni ya mtu binafsi: akiondoka anaondoka na mazungumzo ya wateja na picha za nyaraka zao. Pili, kutafuta. Mteja akileta malalamiko ya miezi minane iliyopita, mtu anakaa anapandisha grupu juu kwa kidole nusu siku. Huo ni mshahara unaolipwa. Tatu, sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Nakala za pasipoti na TIN za wateja zinazozunguka kwenye simu za watu binafsi ni jambo ambalo kampuni inapaswa kuweza kulieleza ikiulizwa.

Na hilo la watu kurudi WhatsApp lenyewe ni kipimo. Mfumo rasmi ukisema ruhusa ilitolewa saa nane na dakika tano, huku watu wote wanajua ilitolewa saa nne asubuhi kwenye grupu, maana yake kazi inafanyika kwingine na mfumo unajazwa baadaye kwa ajili ya ripoti. Hapo mnalipia daftari la kumbukumbu kwa bei ya mfumo wa kazi.

---

Dada wa Rasilimaliwatu

Asante kaka kwa uzi. Naomba niongee upande wa watu, maana kuna kitu kinaniumiza. Kampuni moja (siitaji) uongozi ulianza kuvuta ripoti ya nani ametuma ujumbe mwingi na nani ana alama ya kijani (ya kuonyesha yuko mtandaoni) muda mrefu. Kikawa kigezo cha tathmini ya mwaka. Ndani ya robo mwaka kila mtu yuko kijani. Watu wanajibu "sawa", "nimeona", "asante" kwenye kila kitu. Mhandisi wetu mmoja mzuri sana, anayefunga simu asubuhi ili afanye kazi, alipata alama za chini. Aliondoka. Kumpata wa kuziba nafasi yake imekuwa shughuli, na hiyo gharama haipo kwenye ripoti yoyote ya ule mfumo.

---

Mtu wa Mahesabu

Dada, pole, na nashukuru umelileta, maana hapa ndipo kampuni nyingi zinapoharibu. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, alilieleza tangu 1975 akizungumzia sera za fedha: kipimo kikishageuzwa shabaha, kinapoteza uwezo wa kukuonyesha hali halisi. Ukimpimia mtu kwa ujumbe, atakupa ujumbe.

Mimi msimamo wangu ni kwamba data za mtu mmoja mmoja zisifike kabisa kwa meneja wake. Pima faili, usimpime mtu. Faili halina sababu ya kudanganya. Ukiona mafaili yanalala kwenye hatua ya ruhusa, nenda kaulize hatua hiyo ina tatizo gani. Mara nyingi utakuta kuna mtu mmoja amebebeshwa kazi za watu watatu. Ukienda na jina lake kwenye kikao, kesho yake kila mtu anajifunza kuficha.

Na hiyo gharama ya mhandisi iandike. Tangazo la kazi, usaili, miezi ya mpya kujifunza, makosa ya mwanzo. Hata ukikadiria kwa ubahili, itaonekana.

---

Mchumi wa Kijitonyama

Nimesoma yote. Hoja yako ina tundu kubwa mkuu. Umepima kabla, ukapima baada, kulala kumepungua. Umejuaje ni mfumo? Msimu unabadilika. Mwezi wa Ramadhani kazi ina mwendo wake, Desemba ina wake. Bandari yenyewe imebadilika: DP World, kampuni ya Dubai, walianza kuendesha sehemu ya bandari ya Dar mwaka 2024, taratibu za forodha nazo zinabadilishwa. Mzigo ukitoka haraka, utasema ni Slack?

---

Mtu wa Mahesabu

Mkuu, umeligusa hasa. Ndiyo sababu lazima pawe na kundi la kulinganisha. Mfano ninaoupenda ni wa Ctrip, kampuni ya usafiri ya China. Walitaka kujua kama kufanyia kazi nyumbani kunalipa. Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake wakawasaidia kupanga: kati ya watu wa kitengo cha simu waliojitolea na kukidhi vigezo, wenye tarehe ya kuzaliwa inayogawanyika kwa mbili wakaenda nyumbani siku nne kwa wiki, wengine wakabaki ofisini. Miezi tisa. Waliokuwa nyumbani utendaji ukapanda asilimia 13, na kuacha kazi kukapungua kwa nusu. Matokeo yalichapishwa 2015. Kama kungekuwa na msimu mbaya au mzuri, ungewapata wote sawa. Kilichofanya jibu liaminike ni tarehe ya kuzaliwa, kitu ambacho kila ofisi ya Dar inacho kwenye mafaili ya wafanyakazi.

Sasa niweke hesabu ya kufikirika, muone kundi la kulinganisha linavyoweza kugeuza jibu. Tuseme kuna timu mbili za watu 20, kazi zinafanana. Timu ya kwanza mnaiweka kwenye mfumo, ya pili inaendelea kama zamani.

Gharama ya timu ya kwanza kwa mwezi: lisensi tuseme shilingi 15,000 kwa kichwa, yaani 300,000. Kama hamrudishiwi VAT, ongeza asilimia 18, inakuwa 354,000. Vifurushi vya intaneti 10,000 kila mmoja, 200,000. Halafu mfumo umezaa kikao kipya cha kila wiki, watu 8, saa moja. Kwa mwezi ni saa 32, na saa ya mtu ukiweka mshahara na michango ya mwajiri tuseme ni 6,000, kwa hiyo 192,000. Jumla 746,000. Lisensi mliyokuwa mnabishania kwenye kikao haifiki nusu ya gharama.

Upande wa faida: storeji na demaraji ambazo kampuni ilizibeba yenyewe kwa sababu uchelewaji ulikuwa wa kwetu zilikuwa 2,400,000 kwa mwezi, zimeshuka hadi 1,400,000. Umeokoa milioni. Toa 746,000, unabaki na faida ya 254,000. Meneja anapongezwa.

Angalia timu ya pili, ambayo haina mfumo wowote. Nayo ilikuwa 2,400,000, imeshuka hadi 2,050,000. Kwa hiyo 350,000 ilishuka yenyewe, kwa sababu ya bandari, msimu, chochote. Kilicholetwa na mfumo ni 650,000, na umetumia 746,000. Umepoteza 96,000 kila mwezi huku ukisherehekea.

Na tazameni kitu kingine hapo: kikao kile cha kila wiki kikifutwa, jibu linageuka tena. Unapata faida ya 96,000. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya kupima. Mnaona ni wapi pa kukata, na mara nyingi si kwenye lisensi.

---

Deklaranti wa Kurasini

Mkuu hii ya kikao imenigusa. Ila rekebisha kitu: storeji nyingi analipa mteja. Sisi tunazibeba tukibanwa kwa ushahidi. Kwa hiyo ukiangalia vitabu vya kampuni utaona ndogo kuliko hasara halisi. Hasara halisi ni mteja anayelipa kimya kimya, halafu kontena linalofuata anampa mwingine.

---

Mtu wa Mahesabu

Nimekubali, na ndio uzoefu wa mtu wa field tunaouhitaji humu. Basi tuweke safu ya pili: wateja waliotoa mzigo kwetu mwaka jana na mwaka huu hawajarudi. Wapigieni simu, muwaulize. Wengi watakwambia ukweli kwa sababu hawana cha kupoteza. Hiyo haitakupa jibu la mwezi huu, itakupa la mwaka. Ila usichanganye safu mbili ukahesabu hela moja mara mbili.

---

Mbunifu

Samahani, naona wote mko kwenye mizigo. Mimi niko kwenye kampuni ya bima, kitengo cha bidhaa mpya. Tuliambiwa mfumo mpya utaongeza ubunifu. Kukafunguliwa chaneli ya mawazo, mawazo yakamiminika, uongozi ukatangaza idadi kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Hakuna hata moja lililofika kwa mteja. Ubunifu mnaupimaje? Huwezi kuuwekea saa ya kuingia na kutoka.

---

Mtu wa Mahesabu

Unaweza, dada au kaka, tena saa ile ile. Wazo nalo ni faili. Liliandikwa lini, nani alilisoma lini, lini lilipata jibu la ndiyo au hapana, lini lilijaribiwa kwa mteja halisi hata mmoja. Hesabu ya mawazo yaliyotumwa iacheni. Hesabuni mawazo yaliyojibiwa, na yalisubiri muda gani. Kwenye ofisi nyingi nadhani mtakuta wazo halikukataliwa na mtu yeyote, lililala tu mpaka mwenyewe akakata tamaa. Na jibu la hapana ndani ya wiki moja lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwenye wazo anarudi na lingine.

Kipimo cha pili ni nani anaongea na nani. Thomas Allen wa MIT alionyesha kwenye miaka ya 1970 kwamba mawasiliano ya kikazi kati ya wahandisi yanashuka kwa kasi kadiri meza zao zinavyoachana, na alipima kwa mita chache tu ndani ya jengo moja. Tukadhani intaneti imelimaliza hilo. Mwaka 2021 watafiti wa Microsoft wakachapisha matokeo ya kuangalia wafanyakazi wao zaidi ya 61,000 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, watu walipohamia nyumbani. Vifaa vyote wanavyo, wao ndio wanaovitengeneza. Bado makundi yakajifungia: sehemu ya muda wa ushirikiano uliokwenda kwa watu wa nje ya kundi lao ilishuka kwa karibu robo.

Tafsiri yake kwako: ujumbe unaweza kuongezeka mara mbili na wote ukawa wa watu wale wale watano wa kitengo chako. Kwenye bima, bidhaa mpya inahitaji mtu wa madai azungumze na mtu wa mauzo na wakala wa mkoani. Chukua bidhaa tatu za mwisho mlizotoa, uliza ni vitengo vingapi vilihusika kabla ya uamuzi, na ni vingapi viliambiwa baada. Hilo halihitaji programu.

Kuna ugumu mmoja sitaufunika: ubunifu unachelewa kulipa. Ukiupima kwa robo mwaka utaua vitu vizuri. Ndiyo maana kwa ubunifu nashauri kupima kusubiri tu kwa mwaka wa kwanza, na mapato yaje baadaye, ila tarehe ya kuyaangalia iandikwe mapema na bosi aitie sahihi.

---

Mchumi wa Kijitonyama

Nakazia. Na kwa wanaouliza kuhusu akili unde (AI), ambayo sasa inauzwa ndani ya mifumo hii hii kwa nyongeza ya bei: kuna utafiti wa 2023 wa Brynjolfsson, Li na Raymond, wafanyakazi 5,179 wa huduma kwa wateja. Hawakupima mara ngapi msaidizi wa akili unde alifunguliwa. Walipima matatizo ya wateja yaliyotatuliwa kwa saa. Wastani ulipanda asilimia 14, kwa wapya na wenye ujuzi mdogo 34, kwa wazoefu karibu hakuna. Kwa hiyo kabla hujanunulia ofisi nzima, jiulize wapya wako ni akina nani. Wape hao kwanza.

---

Fundi wa Mitandao

Wakuu mmesahau sisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mlikuwa wapi? Sisi tulikuwa tunapigiwa simu na kila meneja wa mji huu. Ofisi iliyoweka kila kitu kwenye wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ilikaa bila kazi. Ofisi iliyokuwa na nakala za kazi za siku kwenye seva ya ndani iliendelea kuchapa nyaraka. Ongeza umeme kukatika, jenereta la jengo linachukua dakika kadhaa kuwaka na swichi za mtandao za ghorofani hazina betri. Hizo nazo zipimwe.

---

Mtu wa Mahesabu

Ziingie bila mjadala mkuu. Laini ya pili ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma mwingine ni sehemu ya gharama ya mfumo, betri za swichi pia. Na kwenye safu ya kulala wekeni sababu: "mtandao haukuwepo", "umeme". Bila hivyo deklaranti ataonekana mzembe kwa kosa la waya ulioko chini ya bahari. Ningeomba ufungue uzi wako kuhusu kuweka nakala za ndani kwa ofisi ndogo, watu wengi wanahitaji.

---

Dada wa Rasilimaliwatu

Swali la mwisho kaka. Mimi sina mamlaka ya kununua wala kukata chochote. Jumatatu nikiingia ofisini naanza na nini?

---

Mtu wa Mahesabu

Dada, anza na kazi moja uliyonayo wewe. Kwako nadhani ni ajira: tangu meneja aombe mtu hadi mkataba kusainiwa. Chukua ajira za mwaka huu, fungua barua pepe na mafaili, andika tarehe kwa kila mkono ilipopita. Karatasi moja ya Excel inatosha. Usiandike majina, andika vyeo. Utaona safu moja ina siku nyingi kuliko zote, na kwa ajira mara nyingi ni kusubiri idhini ya bajeti au kusubiri jopo la usaili lipate siku moja wote.

Ukishaipata, usiende kuomba mfumo. Omba mwezi mmoja wa kubadili hatua hiyo tu kwa nusu ya nafasi zitakazotangazwa, nyingine ziende kama zamani. Ukirudi na namba za pande mbili, mkurugenzi wa fedha atakusikiliza, kwa sababu hiyo ni lugha yake. Ukikwama kwenye hizo safu niandikie hapa hapa, nitakusaidia kupanga.

---

Dada wa Rasilimaliwatu

Nimeshafungua ajira ya mhandisi yule aliyeondoka. Ombi la kuziba nafasi liliandikwa Februari. Idhini ya bajeti imetoka Mei. Nitaweka safu zote hapa nikimaliza.